Nyuzi za Konokono na Mikono ya Mzee Magesa

Wiki iliyopita ninyi vijana mlipokuja kwangu hapa Buhare na madaftari yenu, mmoja wenu aliniuliza, "Bibi, hivi konokono ana faida gani?" Nilicheka, nikawamiminia chai, swali nikaliacha lipite. Jibu ninalo. Ila siwezi kulitoa bila kumtaja mtu mmoja, na siku ile sikuwa tayari kumtaja. Sasa mmeondoka, nyumba imetulia, nimechukua karatasi.

Kwa wale ambao hamkuja: mimi naitwa Nyamisi, mzaliwa wa Butiama. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtafiti wa seli, na sehemu kubwa nimeifanya hapahapa Musoma, kwenye kituo kidogo cha utafiti wa viumbe. Wenzangu walikuwa wanachunguza samaki wa ziwani na konokono wanaoeneza kichocho, kazi ambayo kila mtu anaielewa. Mimi nilipewa chumba cha mwisho, chenye dirisha moja kubwa, nichunguze nyuzi.

Nyuzi gani? Mmeona nyumba ya udongo inavyojengwa. Kabla ya udongo kuna fito. Ukiubandua udongo, fito zinabaki zimesimama. Basi kila seli ya mwili wako ina fito zake, nyuzi za protini nyembamba kuliko kitu chochote ulichowahi kukiona. Wewe binadamu unazo za aina nyingi. Za ngozi ziko tele, na nywele na kucha zako kwa sehemu kubwa ndizo hizohizo. Konokono je? Na mnyoo? Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Wanyama wasio na uti wa mgongo wana nyuzi za namna ya kale, zinazofanana sana na zile zinazozunguka kiini cha seli. Ukizisoma vizuri, ni kama unasoma barua ya babu wa babu yako.

Mama yangu, Mungu amlaze pema, hakuwahi kuridhika na maelezo haya. Kila nikienda Butiama aliuliza, "Hao konokono wanaliwa?" Namwambia hapana, mama, hatuwali. "Wanatibu?" Hapana, mama. "Basi serikali imekusomesha ya nini?" Pale Mwigobero, ambako nilikuwa nakwenda kwa wauza samaki kuchukua barafu ya kuhifadhia vipande vyangu, walinipa jina la Mama Konokono. Maabara yetu ilikuwa inanuka dagaa mwaka mzima kwa sababu ya ile barafu. Mgeni akiingia anakunja pua, sisi wenyewe hatusikii kitu.

Sisi, nikimaanisha mimi na Mzee Magesa.

Magesa alikuwa fundi sanifu wa maabara. Kwao Bunda. Alinizidi umri kwa miaka mingi, na elimu ya darasani nilimzidi mimi. Sasa ninyi mnaoanza kazi, sikilizeni: siku ya kwanza niliingia na shahada zangu nikamkuta amekaa dirishani anapasua konokono. Konokono wetu walikuwa wale wakubwa wa mashambani, tuliwafuata Bugwema mvua zikianza. Alimtoa kwenye gamba mzimamzima kama mtu anavyotoa mkono kwenye shati. Akapitisha mkasi mara moja, akanyoosha kibanio, umio likatoka, ile njia ya chakula kutoka mdomoni hadi tumboni, refu, safi, halijachanika hata mahali pamoja. Akalilaza juu ya barafu. Dakika nne. Mimi nilijaribu baada yake, nikapata ute mtupu.

"Usimvute, Daktari," aliniambia. "Ukimvuta na yeye anavuta. Msubiri alegee."

Kwa nini umio? Kwa sababu ndani yake kuna ngozi laini ambamo nyuzi hizi zimejaa. Unaikwangua, unaiosha kwa sabuni maalumu na maji ya chumvi kali, kila kitu kinayeyuka isipokuwa nyuzi. Hizo haziyeyuki kwa chumvi wala sabuni. Zinataka urea. Ndiyo, urea ileile mnayoijua kama mbolea, ila safi zaidi. Ukiziweka kwenye urea zinaachana, unapata maji tu. Halafu ukiiondoa urea polepole, zinatafutana zenyewe na kujisuka tena upya, bila mtu kuzisaidia. Miaka yote niliyofanya kazi hii sikuzoea jambo hilo. Mzee Magesa naye hakuzoea. Alikuwa anainamia ile chupa kana kwamba atasikia zinavyosukana.

"Daktari," aliniuliza siku moja, "huyu hana mfupa hata mmoja. Kinachomshika asimwagike ni hiki?"

"Ni hiki, pamoja na vingine."

"Halafu mtu ananiuliza napoteza muda kwa nini huko Musoma."

Alinifundisha vitu vingi ambavyo havimo vitabuni. Andika lebo kwa penseli, usiandike kwa kalamu ya wino, maana spiriti ikidondoka wino wote unakwenda. Hilo nililijua baada ya kukaa na vichupa arobaini visivyo na majina, nikilia. Yeye hakunicheka. Alileta penseli aliyoichonga kwa kisu, akaniwekea mezani, akaondoka. Kila kisu kina kazi yake moja, hakigusi nyingine. Mkasi unauosha wewe mwenyewe, humwachii mtu. Na kitu kimoja kidogo alichoniambia kwa utani, mimi nikakichukua kama utani kweli. Nilikuwa na tabia, nikifikiri, ya kuchomeka chochote nilichoshika kwenye nywele zangu. Kalamu, penseli, hata kile kijiti cha kioo cha kukorogea. Nilikuwa nasukaga mabutu, vitu vinakaa vizuri. Akanitazama akasema, "Daktari, kichwa si kabati." Tukacheka wote wawili.

Mikono ya Mzee Magesa ilikuwa maarufu mpaka nje ya kituo. Watu wa mtaani walimletea redio zilizokufa, saa za ukutani, cherehani, naye jioni anatengeneza. Alikuwa na vidole vinene, vya mtu aliyechunga ng'ombe utotoni, lakini angeweza kushika uzi wa buibui asiukate.

Basi tukafika mwaka ambao nilidhani tumepata. Tulikuwa tunapitisha protini kwenye jeli kwa umeme, tunaipaka rangi, na kila protini inajitokeza kama mstari wa bluu mahali pake. Kwenye jeli zetu ukatokea mstari ambao sikuwa nimeuona popote. Mnene, mzuri, kila mara palepale. Nikajua ni uzi mpya wa konokono, ambao hakuna aliyewahi kuuona. Niliusema kwenye mkutano wa watafiti Dar es Salaam, mbele ya watu walionifundisha. Nilipigiwa makofi. Nikatuma sampuli kwa wenzetu nje ya nchi, wenye mashine za kusoma protini herufi kwa herufi, nikakaa kusubiri sifa.

Jibu lilikuja kwa barua pepe, fupi. Walisema kwa heshima kwamba protini niliyowatumia si ya konokono. Ni ya ngozi ya binadamu.

Ninyi mtacheka, na watu wa fani hii wanacheka sana kwa mambo hayo, kwa sababu wengi yamewapata. Ngozi yetu inadondoka kila saa, unga usioonekana, na ndani yake mna nyuzi hizohizo tunazozitafuta. Lakini mimi sikucheka. Niliona nyuso za wale waliopiga makofi. Niliichapa ile barua pepe, nikatoka nayo mkononi nikaenda moja kwa moja dirishani alipokuwa amekaa Magesa.

"Mzee, ni mikono yako."

"Mikono yangu imefanya nini?"

"Ulikuwa unapasua bila glavu."

Ni kweli, zamani glavu zilipokuwa za shida alifanya kazi mikono mitupu, na wakati mwingine alijisahau. Alinitazama, kisha akatazama mikono yake, akaigeuza kiganja na mgongo, kama mtu anayekagua mkasi.

"Kama ni yangu," alisema, "nisamehe, Daktari. Nimekuaibisha."

Nami sikusema neno la kumpunguzia. Nikaenda nikaandika taarifa kwa mkuu wa kituo, na ndani yake nikaandika kwamba uchafuzi ulitokana na fundi. Sikumtaja jina. Fundi tulikuwa naye mmoja.

Miezi michache baadaye alistaafu. Siku ya kumuaga walipika pilau, mkuu alisema maneno, walimpa blanketi. Mimi nilikuwa na jeli inayopita umeme, nikatuma salamu. Jeli inaweza kusubiri, wanangu. Unaizima, unaendelea kesho. Mimi nilijua hivyo, na sikuizima.

Nikabaki peke yangu, nikaanza upya. Glavu mpya, tena jozi mbili, maji mapya, chumvi mpya, urea mpya. Niliwapasua mwenyewe, vibaya na polepole. Nikapitisha jeli, nikaipaka rangi, nikaiosha.

Mstari ulikuwepo. Mnene, mzuri, palepale.

Nikarudia, ukawepo. Nikarudia tena. Ilikuwa mchana, nimesimama mbele ya lile dirisha nimechoka, najiuliza ngozi hii ya mtu inatoka wapi na mtu yuko Bunda. Mawingu yakaliziba jua, kioo kikageuka kama kioo cha kujitazamia. Nikajiona. Na juu ya sikio langu, katikati ya mabutu, kijiti cha kioo kimesimama. Kile ninachokorogea.

Nilikaa chini sakafuni.

Kuanzia siku ile kijiti hakikugusa kichwa changu tena, nami nilianza kufunga kitambaa. Mstari mnene ukapotea. Mahali pengine kwenye jeli ikabaki mistari miwili myembamba, yenye haya, ambayo yote miwili tulikuwa tumeipuuza kwa sababu ya ule mkubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa ya konokono. Baadaye nilipaka vipande vya umio rangi inayoshika nyuzi hizo tu, nikaviweka chini ya hadubini yenye taa ya kuziwasha. Nikaona. Seli moja baada ya nyingine, na ndani ya kila moja wavu wa kijani unaong'aa gizani, umezunguka kiini kama kiota. Rangi ile hufifia kwa mwanga uleule unaoiwasha. Una dakika chache tu, halafu inakwenda. Nikageuka haraka nikasema, "Mzee, njoo, njoo uone kabla haijaisha!"

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Nilipogeukia hadubini tena ilikuwa imefifia.

Mngetegemea nilipanda basi kesho yake. Sikupanda. Niliandika makala kwanza. Nikasahihisha ile taarifa kwa mkuu, lakini kwenda Bunda nilikuwa naahirisha, wiki hii mvua, wiki ijayo mgeni. Ulipita mwaka mzima na kitu. Aibu ina sababu nyingi za kubaki nyumbani.

Nilipokwenda nilimkuta mkewe, Mama Masatu, uani anapepeta mtama. Aliniamkua vizuri, kama kawaida yake, akanivutia kigoda. Nikauliza hali ya Mzee.

"Mzima," alisema. "Ila mikono ameiacha."

"Ameiacha vipi, mama?"

"Watu wanaletaga redio, anawarudisha. Saa ya kanisa ilikufa wakamfuata, akakataa. Anasema mikono yake ina kitu, inaharibu. Hata mjukuu akizaliwa hapa anambeba kwa kanga, hamgusi. Mimi nimeuliza mpaka nimechoka. Huko Musoma kulitokea nini?"

Njiani nilikuwa nimejidanganya kwamba Magesa alijua ukweli, kwamba yule mzee mwenye akili alinyamaza ili kunilinda, mimi mwenye jina la kupoteza. Hapana. Aliniamini. Nilimwambia ni yeye, naye akaamini kuwa ni yeye, akakaa na jambo hilo mwaka mzima na kitu huku mimi nikiandika makala.

Alikuja kutoka shambani, akafurahi kuniona, furaha ya kweli. Hakunipa mkono. Aliuinua tu.

Nikamwambia hapohapo, nimesimama. "Mzee, kosa lile lilikuwa langu. Ilikuwa ngozi ya kichwa changu, kwa kile kijiti nilichokuwa nachomeka kwenye nywele. Uliondoka, na mstari ukabaki."

Akaanza kunihoji kwa sauti yake ya kazini.

"Maji ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Chumvi?"

"Kopo jipya."

"Urea?"

"Mpya pia."

"Labda vilikuwa vipande vya zamani, nilivyopasua mimi."

"Nilipasua wapya, Mzee. Wa mvua za mwaka ule, wewe ukiwa tayari hapa Bunda."

"Ulirudia mara ngapi?"

"Mara tatu. Nilipoacha kijiti, mstari ukapotea."

Akavuta pumzi. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni, alikokuwa ameingia mkewe, na kupaza sauti, ambayo sikuwahi kumsikia akiipaza.

"Mama Masatu! Si mimi!"

"Si wewe nini?" mama akauliza kutoka ndani.

"Si mimi!" alirudia, akaketi, akafunika uso wake kwa viganja vyote viwili.

Nilipiga magoti nikaomba msamaha kama inavyopasa. Aliniinua. Alinishika mikono akaniinua. Hakuniambia kwamba si kitu, maana ilikuwa kitu. Alisema, "Ulichelewa, lakini umekuja." Nilimtolea picha za ule wavu wa kijani. Hakuzichukua. "Hizo ni za macho yako, Daktari. Mimi nitakuja nione kwa yangu."

Akaja mwezi uliofuata, amevaa koti lake la kanisani. Nilikuwa nimeandaa vipande, nimevifunga kwenye karatasi ya fedha visione mwanga, nimesafisha lenzi mara mbili. Saa nne asubuhi tunaingia chumbani, umeme ukakatika. Jenereta ya kituo ilikuwa imeharibika tangu wiki ile. Nikapiga simu, wakasema mafundi wako njiani, baada ya saa moja. Baada ya saa moja wakasema hivyohivyo.

Mimi nilikuwa nahangaika, natoka, naingia. Yeye alikwenda akakaa dirishani.

"Konokono wako wapi?" akauliza.

"Wapo kwenye boksi, Mzee. Lakini bila umeme hatuwezi kufanya lolote nao."

"Mimi nilipasua kwa umeme lini?"

Nikamletea. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akavaa glavu, taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilimwona anasita, kibanio kikiwa juu ya sinia. Akasubiri konokono alegee. Halafu akaanza. Hakufika dakika nne, alichukua karibu kumi, lakini umio likatoka refu, safi, halijachanika. Akalilaza. Akachukua konokono mwingine.

"Sasa kaa hapa ujaribu wewe," alisema. "Ulikuwa unavutaga. Bado unavuta?"

Tulikaa pale mpaka saa tisa na nusu. Alinirekebisha mkono mara nyingi, mimi daktari mwenye makala zangu. Alinisimulia habari za Bunda, za ng'ombe aliyemnunua, za mjukuu anayetaka kusoma sayansi. Tulinyamaza pia, sana, kila mtu na konokono wake. Umeme haukurudi. Nilimsindikiza stendi, akapanda basi la kwenda Bunda, akaniambia atarudi kuona zile nyuzi, na kwamba redio tatu zilikuwa zinamsubiri nyumbani.

Mvua za mwaka ule zilipoisha, Mama Masatu alinipigia simu asubuhi. Homa ya siku nne tu, Mzee ameondoka. Nilizika pamoja nao. Hakuwahi kuona ule wavu.

Makala zangu zimesomwa na watu wachache duniani wanaojali nyuzi za konokono, na ninazipenda, sijuti. Mkiniuliza faida, nitawaambia kwamba nilijua kinachomshika mnyama asiye na mfupa, na kujua ni faida. Lakini hakuna sehemu ya kazi hii ninayoitamani irudi kama ile siku ambayo hatukufanya kazi yoyote ya kuandikwa.

Siku hizi umeme ukikatika mchana hapa Buhare, mtaa mzima unalalamika, watu wanatoka nje kuulizana kama ni kwao tu. Mimi huvuta kiti nikakaa dirishani penye mwanga, na huomba moyoni usirudi haraka.